Mahmud wa Kashghar na asili ya majina ya Waturuki



Wasomaji wetu wametuletea mara nyingi ujumbe wa namna moja unaozunguka katika simu. Ujumbe huo huchukua jina la mji wa kale au la mfalme wa kale, ukalikata vipande viwili, ukaonesha kuwa kila kipande kina maana yake kwa Kituruki, kisha ukatoa hukumu: basi mji ule ni wa Waturuki, na mfalme yule alikuwa Mturuki. Wengine hupita mipaka wakaingiza hata majina ya Mitume (A.S.). Na tangu tamthilia ya Ertuğrul ilipoingia majumbani mwetu, wako wazazi wanaotaka kujua majina kama hayo yana maana gani kabla hawajawapa watoto wao.

Badala ya kujibu ujumbe mmoja mmoja, tumeona tusimulie maisha ya mtu aliyeifanya kazi hii kwa elimu, zaidi ya miaka 940 iliyopita. Naye ni Mahmud bin Husayn bin Muhammad, maarufu kwa jina la al-Kashghari. Katika aliyoyaandika mna yaliyo sahihi na mna yasiyokubalika, na msomaji akiyajua yote mawili ataweza kuupima ujumbe wa simu mwenyewe.

Mji wa Kashghar uko upande wa magharibi kabisa wa nchi ya China ya leo, katika njia ya zamani ya misafara ya hariri. Watawala wa sehemu zile, wanaojulikana kwa jina la Wakarakhani, waliingia katika Uislamu katika karne ya 10 Miladia, na anayetajwa kuwa wa mwanzo wao ni Satuq Bughra Khan. Mwaka 999 wakautwaa mji wa Bukhara kutoka kwa Wasamani, ambao barzani kwao kikizungumzwa Kiajemi. Tokea hapo miji mikubwa ya elimu, kama Bukhara na Samarkand, ikawa chini ya wafalme Waturuki ambao ni Waislamu.

Mahmud alitoka katika ukoo uliohusiana na nyumba hiyo ya kifalme. Yeye mwenyewe anaeleza kuwa wazee wake walikuwa maamiri, na kwamba watu wakiwaita hamir, kwa sababu Waoghuzi, ambao ni kabila kubwa la Kituruki, ndimi zao zililigeuza neno amiri likawa hamir. Hata anapotaja utukufu wa babu zake, linalomshughulisha ni vipi watu walivyolitamka neno! Baba yake alikuwa mtu wa Barsghan, mji uliokuwa karibu na ziwa la Issik-Kul katika Kirigizistani ya leo. Tunamuomba msomaji aushike mji huu, kwani tutaurejea.

Mahmud aliizunguka miji ya Waturuki na nyika zao, akakaa na wafugaji katika mahema, akazisikiliza lahaja zao na mashairi yao. Waoghuzi na Waturukmani, Wachigili, Wayaghma na Wakirgizi, kila watu aliandika namna wanavyosema, na neno lililotamkwa huku hivi na kule vile alilieleza kwa pande zote mbili. Kujisifu pia alijisifu kidogo, Allah amsamehe. Anasema kuwa yeye ni katika wafasaha wao, mwenye nasaba yenye mizizi, na hodari wa kutumia mkuki.

Kisha tunamkuta Baghdad. Mwaka 1055 Tughril Beg, kiongozi wa Waseljuki, aliingia katika mji huo, na tokea hapo khalifa wa Bani Abbas akawa na cheo, lakini nguvu za jeshi zikawa mikononi mwa Waturuki. Mtu wa Baghdad mwenye shida alikuwa na haja ya kuelewana na askari na wakubwa wasiozungumza Kiarabu nyumbani kwao. Hapo ndipo Mahmud alipoona kazi yake. Mwaka 1072, sawa na 464 Hijria, alianza kukiandika kitabu chake, Diwan Lughat at-Turk, yaani mkusanyo wa lugha za Waturuki, akaendelea kukitengeneza mpaka mwaka 1077, na akakitoa hidaya kwa Khalifa al-Muqtadi Biamrillah.

Katika dibaji yake kuna jambo ambalo linatuhusu sana sisi tunaopokea na kupeleka habari kila siku. Anasema alisikia kwa imamu mmoja wa Bukhara na mwengine wa Nishapur, kila mmoja kwa isnadi yake, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wajifunze lugha ya Waturuki kwa kuwa utawala wao utarefuka. Hadithi kama hiyo ilikuwa faida tupu kwake, kwani ndiyo sababu ya kitabu chake kununuliwa na kusomwa. Lakini hakuipokea akanyamaza. Alieleza kuwa kama ni sahihi, basi dhamana yake iko juu ya hao walioisimulia, na kujifunza lugha hiyo kunakuwa wajibu. Na kama si sahihi, basi akili peke yake inatosha kuonesha haja ya kujifunza. Sisi tunaongeza kuwa hadithi hiyo haimo katika Sahihi Bukhari wala Sahihi Muslim, na haifai kuenezwa kama kauli iliyothibiti ya Mtume (S.A.W.). Mtu wa karne ya 11, mwenye maslahi nayo, alisita. Sisi mara ngapi tunasita kabla ya kubonyeza?

Kitabu chenyewe ni kamusi ya maneno kiasi cha 8,000, yaliyoelezwa kwa Kiarabu na kupangwa kwa mizani ya maneno kama walivyofanya wanalugha wa Kiarabu. Alikuwa akiitazama kazi ya al-Khalil bin Ahmad, mwenye Kitabu al-Ayn, na alitaka kuonesha kuwa Kituruki kinaweza kukimbia bega kwa bega na Kiarabu kama farasi wawili wa mashindano. Ndani yake mna methali, beti za mashairi, vyakula, maradhi, mavazi, michezo ya watoto na alama ambazo makabila 22 ya Waoghuzi wakiwapiga wanyama wao. Mna pia ramani ya duara. Katikati yake ameuweka mji wa Balasaghun, uliokuwa mmoja wa miji mikuu ya Wakarakhani, na juu ameweka mashariki, ambako kuna ukuta wa Dhul-Qarnayn na nchi ya Yajuj na Majuj.

Tuje kwenye majina ya watu, maana hapa ndipo mzee huyu anapoaminika zaidi. Toghril, anasema, ni ndege mwindaji ambaye huua mabata bukini elfu akala mmoja tu, na wanaume hupewa jina lake. Basi yule Tughril Beg aliyeingia Baghdad alikuwa na jina la ndege huyo. Na Ertuğrul wa tamthilia ni jina hilohilo likitanguliwa na neno er, yaani mwanamme. Arslan ni simba. Bughra ni ngamia dume, na ndilo jina la Satuq Bughra Khan. Tegin asili yake lilikuwa neno la mtumwa, kisha likapanda cheo mpaka likawa lakabu ya watoto wa wafalme. Na Mahmud, aliyetoka katika nyumba ya wafalme, hakuona haya kuiandika asili hiyo. Maelezo haya aliyapata kwa watu wenyewe waliokuwa wakiyatumia majina hayo kila siku, na mpaka leo wanaosoma lugha za Kituruki wanayategemea.

Kwa hivyo mzazi aliyetuuliza, jibu letu ni fupi. Si lazima jina la Muislamu liwe la Kiarabu. Linalotazamwa ni maana, isiwe na shirki wala uchafu wala kumdhalilisha mtoto. Simba na ndege mwindaji hawana ubaya, na masahaba pia walikuwako wenye majina ya wanyama wakali.

Sasa tufike kwenye tatizo. Waajemi walikuwa na kisa kikubwa cha mfalme aitwaye Afrasiyab, adui wa wafalme wao, mtawala wa nchi ya Turani. Firdausi alikuwa amekwisha kukiweka kisa hicho katika Shahnama, aliyoimaliza mwaka 1010. Waturuki nao walikuwa na shujaa wao wa zamani, Alp Er Tonga, ambaye maana ya jina lake ni shujaa, mwanamme, chui, na wakimlilia katika mashairi. Wakarakhani waliwafanya watu hawa wawili kuwa mtu mmoja, wakajiita kizazi cha Afrasiyab. Mahmud aliyapokea hayo kwa moyo wote, kwani ilikuwa nasaba ya nyumba yake.

Na nasaba ikishapatikana, ardhi hufuata. Kashghar, anasema, iliitwa Ordu Kend, mji wa makao ya mfalme, kwa kuwa Afrasiyab alikaa hapo kwa uzuri wa hewa yake. Qaz, binti Afrasiyab, alijenga ngome kando ya mto unaomwaga maji yake katika mto Ila, na mto huo ukaitwa Qaz Suwi, maji ya Qaz. Qazvin, mji wa Uajemi, asili yake ni Qaz Oyni, mahali pa michezo ya Qaz. Qum, mji mwengine wa Uajemi, umetokana na neno la Kituruki la mchanga, kwa sababu binti huyo akiwinda hapo. Samarkand ni Semiz Kend, mji mnene, kwa ukubwa wake. Tashkent ni mji wa mawe. Kisha akaitoa hoja yake kwa uwazi: miji hii inaitwa kend, na kend kwa Kituruki ni mji, basi nchi yote ya ng'ambo ya mto Jayhun, tokea Baykand, ni nchi ya Waturuki, na Waajemi ni watu waliozidi idadi hapo baadaye mpaka ikaonekana kama kwamba ni kwao.

Msomaji anaona hapa jina limekuwa hati ya shamba.

Hoja hiyo haisimami. Samarkand ilikuwa ikijulikana na Wayunani kwa jina la Marakanda wakati Iskandari wa Makedonia alipoiteka, mwaka 329 kabla ya Miladia. Jina la Waturuki halikuanza kusikika kama jina la dola mpaka katikati ya karne ya 6 Miladia, tofauti ya karibu miaka 900. Na hilo neno kend ni la Wasoghdi, wenyeji wa kale wa Samarkand, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiajemi. Waturuki walilichukua kwao kama vile jirani anavyoazima chungu, kikakaa mpaka watoto wakadhani ni cha nyumbani. Mji wa Panjikent, usio mbali na Samarkand, maana yake ni miji mitano, na vipande vyake vyote viwili ni vya ukoo wa Kiajemi. Qazvin inanasibishwa na Shapur, mfalme wa Kisasani, kabla ya Uislamu. Na Afrasiyab mwenyewe anatajwa katika Avesta, kitabu cha Wamajusi, kwa jina la Franrasyan, ambalo ni la Kiajemi cha kale. Alp Er Tonga ni mwengine.

Lakini si kila aliposema mji ni wa Kituruki alikosea. Tashkent zamani ikiitwa Chach, na Waarabu wakiita Shash. Jina la Tashkent lilikuja baadaye, na tash ni jiwe kweli kwa Kituruki. Jina hilo ni mchanganyiko, nusu ya wenyeji wa kwanza na nusu ya waliofuata.

Sisi watu wa visiwani tunayaelewa haya bila ya kwenda mbali. Askari akimwita mkubwa wake afande, neno hilo limetufikia kutoka Kituruki kupitia majeshi ya Misri na Sudan, na Waturuki nao walilichukua kwa Wayunani. Nani atakayesema kwa sababu hiyo kuwa polisi wetu ni Wayunani? Na ni wangapi kati yetu tuliosomeshwa na wazee barzani kwamba Zanzibar ni maneno ya Kiarabu, zayn za al-barr, yaani nchi hii ni nzuri? Ni maelezo matamu, na nchi ni nzuri kweli, alhamdulillah. Lakini jina hilo limetokana na Zanj na neno la Kiajemi bar, yaani pwani ya watu weusi. Aliyetunga yale mengine hakukusudia uwongo. Alikuwa na jina ambalo maana yake imempotea, akalipa maana anayoipenda.

Mahmud naye alisimulia vichekesho vya namna hiyo. Dhul-Qarnayn, kwa masimulizi aliyoyaandika, aliingia nchi ya Waturuki na kila alilolisema kwa Kiajemi likawa jina la kabila. Aliwaona watu wenye kujitafutia chakula chao wenyewe, yakatoka maneno ambayo yaligeuka kuwa Uyghur. Akaona wengine wanaofanana na Waturuki, akawaita Turk manand, wakawa Waturukmani. Akakwama katika matope akauliza ni tope gani hili, na hapo ndipo lilipotoka jina la Wachigili. Wataalamu wa lugha wanayahesabu haya kuwa ni visa vya barzani tu. Sisi tunamkumbusha msomaji jengine: Dhul-Qarnayn aliyetajwa katika Surat al-Kahf alikuwa mja mwema mwenye kumuamini Allah, na maulamaa kama Ibn Taymiyya na Ibn Kathir wamekataa kumfanya kuwa ndiye Iskandari wa Makedonia. Kumvika visa vya matope na vya makabila kunahitaji hadhari.

Turejee Barsghan, mji wa baba yake. Alipofika kwenye jina hilo katika kamusi yake, Mahmud aliandika kwamba Barsghan alikuwa mtoto wa kiume wa Afrasiyab, na ndiye aliyeujenga mji. Utukufu ulioje kwa baba yake! Angeweza kukomea hapo, na hakuna mtu Baghdad ambaye angempinga, maana hawakuufahamu mji wala ziwa lake. Lakini aliendelea. Akaandika kuwa wako wanaosema Barsghan alikuwa mtunza farasi tu wa mfalme wa Wauyghur, akiwalisha farasi pale kwa uzuri wa hewa, na mahali pakaitwa kwa jina lake. Hakuitukana riwaya hiyo wala hakuificha. Akatia na msemo wa watu unaowataja watu wa Barsghan kuwa ndio wabaya kuliko wote, kwa ubahili wao na kutopenda kuchanganyika na wenzao. Mtu anayewaandika jamaa za baba yake namna hiyo, sisi tunamuamini anapotuambia jina la ndege, hata kama hatumfuati katika habari za binti wa Afrasiyab.

Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Hujurat, imetuambia kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane, na mbora wetu mbele ya Allah ni mchamungu. Mahmud alikuwa akiisoma aya hiyo kama tunavyoisoma sisi, na bado alivutwa na nasaba. Nani asiyevutwa? Visiwani kwetu pia iko mijadala ya nani Mshirazi, nani Muarabu na nani ametoka bara, na mara nyingi ushahidi unaotolewa ni jina la mtaa au la babu.

Kitabu chake kilikaribia kupotea. Nakala moja tu ya mkono imetufikia, iliyonakiliwa Damascus mwaka 1266, sawa na 664 Hijria, karibu miaka 190 baada ya mwandishi kuikamilisha asili yake. Katib Çelebi alikitaja katika karne ya 17, kisha ikawa kama hakuna. Katika miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza muuza vitabu mmoja wa Istanbul alikuwa nacho dukani, karatasi zimeachana na hazina namba, na bei yake lira 30. Ali Emiri Efendi, mzee mpenda vitabu kutoka Diyarbakır, aliingia akakitambua. Fedha hakuwa nazo za kutosha, ikabidi akope, na mwisho kilimgharimu lira 33 pamoja na ujira wa muuzaji. Alikificha kama mtu anavyoficha dhahabu, mpaka alipobembelezwa akamruhusu Kilisli Rifat azipange karatasi na kukichapisha. Juzuu tatu zikatoka kati ya mwaka 1915 na 1917.

Miaka 20 baadaye, Uturuki ilikuwa imeshika njia nyengine. Katika mkutano wa lugha wa mwaka 1936 ilitolewa nadharia iliyoitwa ya Lugha ya Jua, iliyodai kuwa lugha zote za wanadamu zimetoka katika Kituruki. Ilifika hadi kuwanasibisha Wasumeri na Wahiti wa kale na Waturuki, na benki mbili za serikali zilikuwa zimekwisha kupewa majina yao. Nadharia hiyo haikudumu miaka mingi, lakini mabaki yake ndiyo yanayotufikia katika simu. Mahmud hakudai hayo. Yeye, pamoja na yote, alisema Turk alikuwa mmoja wa kizazi cha Nuh (A.S.), na wana wa Nuh walikuwa zaidi ya mmoja.

Nakala ile ya Damascus, karatasi 319, imo katika Maktaba ya Millet, Istanbul, ambayo Ali Emiri aliianzisha kwa vitabu vyake mwenyewe mwaka 1916. Karibu na Kashghar, katika kijiji cha Opal, watu wanalionesha kaburi lake. Allah amrehemu, amsamehe alipokosea, na atulipie kheri kwa alichotuhifadhia. Na Allah ni Mjuzi zaidi.